Kuihamisha programu ya SACCO kutoka Windows kwenda Linux: mazoea ambayo msimbo haukuyaandika

FundiWaMasese (Jinja), mwanzisha uzi

Ndugu zangu, kwa miezi mitano iliyopita nimekuwa nikiihamisha programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo cha huku mashariki kutoka Windows kwenda Linux, nami nimeona afadhali niyaandike niliyoyakuta kabla hayajanitoka kichwani, maana najua humu wamo wenzangu wenye mzigo kama huu. Jina la chama si muhimu. Wanachama wake wengi ni wakulima wa miwa na wauza samaki, na hesabu zao zote, yaani akiba, mikopo, hisa na faini, zimo katika programu iliyoandikwa kwa Delphi 7, zana ya kuandikia programu za Windows kwa lugha ya Pascal, toleo la mwaka 2002, inayoweka kumbukumbu katika faili moja la Access, hifadhidata ya Microsoft. Aliyeiandika amekwisha kuhama nchi, lakini aliacha msimbo wote kwenye CD ndani ya kabati la meneja, na kwa hilo namwombea dua kila siku.

Kilichotusukuma ni tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta sita za ofisi ni mitumba kutoka Kampala, bado ni imara, lakini hazina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai. Bodi ilipewa njia mbili, kununua kompyuta mpya au kuweka Linux kwenye hizi zilizopo, ikachagua ya pili bila mjadala mrefu, kwa kuwa bei ya kompyuta sita ni mikopo ya wanachama kadhaa.

Nilipoanza nilidhani kazi kubwa itakuwa ya lugha. Haikuwa hivyo. Lazarus, zana ya bure inayofanana na Delphi na kutumia kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu) ya Free Pascal, husoma fomu za Delphi na kuzigeuza kuwa zake, na sehemu kubwa ya msimbo wa hesabu ilipita bila kuguswa. Vipande vilivyokuwa vikiita Windows moja kwa moja nilivibadilisha kimoja kimoja. Viungo vya kuifikia Access vilibidi kutupwa vyote, kwa kuwa vimejengwa juu ya COM, njia ya programu za Windows kuitana, nayo ni ya Windows peke yake, kwa hiyo kumbukumbu nilizipeleka PostgreSQL, hifadhidata inayokaa vizuri kwenye Linux. Wiki tatu zilitosha. Programu ikafunguka, menyu zikaonekana, nikampigia meneja simu nikamwambia tumekaribia. Ningenyamaza.

Programu iliyoishi miaka mingi mahali pamoja huwa kama mtu aliyezoea nyumba yake, hutembea gizani bila kugusa ukuta. Ukimhamishia nyumba nyingine, miguu yake haijasahau kutembea, lakini kuta zimehama. Hayo mazoea hayaandikwi popote katika msimbo, na ndiyo yaliyonila miezi minne iliyobaki.

Zoea la kwanza lilikuwa majina ya mafaili. Kwenye Windows, Riba.ini na RIBA.INI ni faili moja. Kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti. Programu ilikuwa ikitafuta jina kwa herufi kubwa, nalo faili limehifadhiwa kwa herufi ndogo, basi haikulipata. Laiti ingelalamika! Mwandishi wake, kwa wema kabisa, aliiagiza kwamba faili la viwango lisipopatikana itumie kiwango cha riba alichokiandika ndani ya msimbo siku ya kwanza, kiwango ambacho chama kilikwisha kukiacha miaka mingi iliyopita. Kwa siku mbili nilikuwa nikipiga hesabu za majaribio kwa riba ya zamani na kustaajabu kwa nini mikopo imekuwa nafuu. Siku hiyohiyo nilikuta ndani ya folda ya programu faili lenye jina la ajabu, ripoti\mwezi03.txt, jina zima pamoja na mkwaju wake wa nyuma. Kwa Windows mkwaju huo hutenga folda na faili, lakini kwa Linux ni herufi kama nyingine, kwa hiyo programu haikuingia katika folda ya ripoti bali iliunda faili lenye jina hilo refu.

Zoea la pili lilikuwa ndani ya kumbukumbu zenyewe, na hapa naomba msome polepole. Nilipozitoa kumbukumbu kutoka Access, tarehe zilitoka kwa utaratibu wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku, nami nikazipokea kwa utaratibu wetu. Mkopo wa tarehe 25 Juni ulikataliwa mara moja, kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na tano, na huo haukunidhuru. Uliotaka kunidhuru ni mkopo wa tarehe 4 Machi, ambao ulipita kimya ukawa wa tarehe 3 Aprili. Kosa ni langu, wala simlaumu mtu. Halafu, Access huhifadhi ndiyo kama hasi moja, si moja, na palikuwa na hesabu moja iliyokuwa ikijumlisha safu hiyo ili kujua idadi ya wanachama hai, kisha kugeuza alama ya hasi iwe chanya, basi ndiyo ikihifadhiwa kama moja, idadi hutoka hasi. Halafu tena, Access haijali herufi kubwa na ndogo katika kutafuta, ilhali PostgreSQL hujali, basi karani aliyeandika OKELLO akaambiwa hakuna mwanachama wa jina hilo, na mwenyewe Okello amesimama dirishani na kitabu chake mkononi.

La riba ndilo lililonipotezea usingizi. Delphi ikikuta nusu kamili huikadiria kuelekea namba shufwa iliyo karibu, yaani 2.5 huwa 2 na 3.5 huwa 4. PostgreSQL, kwa namba za desimali kamili, huisogeza nusu mbali na sifuri, kwa hiyo 2.5 huwa 3. Nilikuwa nimeihamisha hesabu ya riba ya mwezi kutoka ndani ya programu kwenda ndani ya hifadhidata ili iwe ya haraka, na akaunti kadhaa zikatofautiana kwa shilingi moja. Shilingi moja hapa Uganda hainunui hata njiti ya kiberiti, na sarafu yake sijui mara ya mwisho niliiona lini, lakini mkaguzi wa hesabu haulizi inanunua nini. Nimeirudisha hesabu ndani ya programu.

Swali langu kwenu ni la printa. Chama kina printa ya sindano ya kuandika vitabu vya akiba. Programu ya zamani ilikuwa ikiandika moja kwa moja kwenye LPT1, tundu la printa la Windows. Nimeielekeza kwenye foleni ghafi ya CUPS, mfumo wa kuchapisha wa Linux, printa inapokea, lakini mistari inashuka ikienda kulia kama ngazi mpaka inatoka nje ya kitabu. Nani amewahi kuliona hili?

MzeeWaTororo

Kijana wangu, pole na hongera kwa pamoja. Sisi tuliotangulia tungeuliza kwanza kwa nini hukutumia Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ukaiacha programu kama ilivyo. Mradi huo ulianza mwaka 1993, na toleo lake la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka kumi na mitano ya kuvumilia, na kazi yake ni hiyohiyo ya kupokea maombi yaliyoandikwa kwa ajili ya Windows na kuyatimiza kwa njia za Linux. Haiigi kompyuta nzima. Msimbo wa mashine unaendeshwa moja kwa moja, kinachofasiriwa ni maombi tu. Hata suala lako la herufi kubwa na ndogo lisingetokea, kwa sababu Wine hutafuta faili bila kujali ukubwa wa herufi. Programu za Delphi za zama zile mara nyingi hukaa humo bila matata.

FundiWaMasese (Jinja)

Mzee wangu, shikamoo. Nilianza huko, na ni kweli ilifunguka siku ya kwanza. Nilikwama katika mambo mawili, kiendeshi cha Access ambacho kilikuwa kikisinzia watumiaji wawili wanapoandika kwa wakati mmoja, na printa niliyoitaja. Zaidi ya hapo niliogopa kuwaachia chama programu ambayo hakuna atakayethubutu kuibadilisha, maana Wine huhamisha programu pamoja na mazoea yake yote, na faili la Access likiharibika kwenye Linux litakuwa limeharibika vilevile. Hata hivyo sikuitupa. Programu ya zamani inaendeshwa ndani ya Wine kwenye kompyuta yangu, na kila ripoti ninayoitoa kwa mpya naitoa pia kwa ya zamani, kisha naziweka ubavu kwa ubavu mstari kwa mstari. Bila hiyo nisingeziona zile shilingi moja moja.

DadaWaArua

Kaka Fundi, hiyo ngazi naifahamu, ilinitesa kwenye duka la dawa. Maandishi ya Windows humaliza mstari kwa alama mbili, moja ya kurudisha kichwa cha printa mwanzoni na moja ya kusogeza karatasi. Maandishi ya Linux humaliza kwa alama ya pili peke yake. Ni urithi wa mashine za teletaipu, ambazo kichwa chake kilikuwa kitu cha chuma kilichopaswa kuamriwa kurudi. Programu yako mpya inatumia alama ya mwisho wa mstari ya mfumo ilimo, kwa hiyo karatasi inasogea na kichwa kinabaki pale pale kilipokuwa. Foleni ghafi haitakusaidia kwa sababu hairekebishi kitu, hupeleka baiti kama zilivyo. Andika alama zote mbili wewe mwenyewe katika ile sehemu inayotengeneza kitabu cha akiba, wala usitegemee alama ya mfumo hapo. Printa nyingi za sindano zina pia swichi ya kurudisha kichwa zenyewe kila karatasi inaposogea, lakini mimi siipendi, kwa sababu siku printa ikifa na kuletwa nyingine hakuna atakayekumbuka swichi.

Hakikisha pia kwamba ukurasa wa herufi wa printa, yaani jedwali linaloonyesha baiti ipi ni herufi ipi, unalingana na unachotuma. Printa hizi hazijui UTF-8, namna ya kisasa ya kuandika herufi za lugha zote, hata kidogo, zina majedwali yao ya baiti moja kwa herufi moja.

MwalimuLira

Dada amegusa jambo la herufi, nami naomba niongeze kidogo kuhusu majina ya watu wetu. Lugha za Kilango na Kiacholi zina herufi ŋ, na Kiganda vilevile. Delphi 7 ilikuwa ikionyesha maandishi kwa ukurasa wa herufi wa Windows, na ule wa Ulaya Magharibi uliozoeleka kwenye kompyuta zetu hauna ŋ. Makarani walifanya nini? Waliandika ng pamoja na alama ya mkato wa juu, wengine mkato ulionyooka, wengine ule uliopinda ambao programu za kuandikia huuweka zenyewe, na wengine hawakuweka kitu. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na maandishi matatu ya jina lake katika vitabu vitatu. Lazarus hutumia UTF-8, na sasa ŋ itaandikika bila shida, jambo jema, lakini karani wa leo akiliandika jina kwa ŋ hatampata yule aliyeandikwa mwaka 2009 kwa mkato. Nakushauri utengeneze safu ya pili ya jina kwa ajili ya kutafutia tu, ambayo herufi zote ni ndogo, mikato imeondolewa na ŋ imeandikwa ng. Jina analoliona mwanachama libaki kama anavyotaka yeye.

Angalia pia mafaili ya msimbo yenyewe. Yalihifadhiwa kwa ukurasa wa herufi wa Windows, na mkato uliopinda humo ni baiti moja ambayo katika UTF-8 haisimami peke yake. Ukiituma hivyo kwa PostgreSQL itaikataa.

Nakawa_Msimbo

Mimi nitakuwa mkosoaji kidogo, ssebo, na unisamehe. Miezi mitano ungeweza kuandika upya programu nzima ikatumika kupitia kivinjari, na suala la mfumo gani uko kwenye meza ya karani lingekwisha kabisa. Tunao mfano hapa hapa nyumbani. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS, ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, toleo lake la kwanza lilikuwa limejengwa juu ya Microsoft Access. Hawakulihamisha lile, waliandika DHIS2 upya kwa Java, unaofunguliwa kwenye kivinjari, na tangu mwaka 2012 hivi Wizara ya Afya ya Uganda imekuwa ikikusanya ripoti za vituo vya afya kwa huo mfumo mpya. Kulisambaza faili la Access kwenye wilaya zote kungekuwa mzigo mzito.

FundiWaMasese (Jinja)

Ndugu Nakawa, ukosoaji wako ni halali, na kwa kazi ya nchi nzima nakubaliana nawe moja kwa moja. Lakini tuangalie vipimo. DHIS2 una watengenezaji wa kudumu katika Chuo Kikuu cha Oslo, mimi niko peke yangu na kompyuta moja. Zaidi ya hilo, kuandika upya kunataka mtu anayejua programu ifanye nini, na katika chama hiki mtu huyo ni programu yenyewe. Kanuni za faini, za kugawa gawio, za mwanachama aliyefariki mkopo haujaisha, hazipo kwenye karatasi yoyote, zimo ndani ya Delphi, na meneja wa sasa alizikuta. Ningeandika upya ningeandika ninavyodhani. Kuhamisha kumenilazimisha kuisoma kila kanuni, na sasa ninazo kwenye daftari. Atakayekuja kuiandika kwa ajili ya kivinjari atapata pa kuanzia.

MzeeWaTororo

Niongeze kisa cha zamani kinachohusu ubishi wenu. Unix, mfumo endeshi ambao Linux imeufuata, iliandikwa upya kwa lugha ya C mwaka 1973, na mwaka 1977 ilihamishwa mara mbili, kila kundi kivyake. Richard Miller na wenzake waliipeleka kwenye kompyuta ya Interdata 7/32 katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, na Steve Johnson na Dennis Ritchie waliipeleka kwenye Interdata 8/32 huko Bell Labs, maabara ya Marekani ilikozaliwa Unix. Sababu ya hao wa pili ndiyo ninayoipenda. Walikuwa wamekwisha kuhamisha programu za C kwenda mashine nyingine, wakaona kwamba kilichowachosha hakikuwa tofauti ya vichakataji, kilikuwa tofauti ya mifumo endeshi iliyokuwa juu ya mashine hizo. Basi wakaamua kuuhamisha mfumo endeshi wenyewe, ili programu zikifika zikute nyumba ileile. Viwango vya POSIX vya mwaka 1988, vya kuifanya mifumo ya aina ya Unix ifanane, vilikuja kwa nia iyo hiyo. Fundi, ulilolisema kuhusu kuta walilijua wao kabla hujazaliwa, nadhani.

BusiaMpakani

Nauliza tu. Maofisa wa chama huenda mashambani na visiwani kukusanya marejesho, nao wana simu za Android. Kwa kuwa Android nayo ni Linux, je, programu hii ikishafika Linux si itakuwa imefika na kwenye simu?

DadaWaArua

Hapana, ndugu wa Busia, na swali lako ni zuri kwa sababu wengi huliwaza hivyo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndiyo ya Linux. Juu yake kila kitu ni tofauti. Maktaba ya msingi ya C si glibc ya kompyuta za Linux, ni Bionic, na fomu, madirisha na vitufe vya mezani havipo, kuna mfumo mwingine kabisa. Kompaila ya Free Pascal inaweza kutoa msimbo wa mashine kwa kichakataji cha simu, lakini msimbo wa mashine peke yake hauifanyi programu ya simu. Tabia nazo zinabadilika. Programu ya mezani huzoea kwamba ikifunguliwa itabaki wazi mpaka mtu aifunge, ilhali simu huiua wakati wowote inapohitaji nafasi ya kumbukumbu, hata ofisa akiwa katikati ya kuandika malipo kwa sababu tu amepokea simu ya mkewe. Tangu Android 10 programu hairuhusiwi tena kuchokora hifadhi ya simu kwa uhuru kama zamani. Na huko visiwa vya Buvuma mtandao ukikatika itabidi malipo yakae kwenye simu mpaka ofisa arudi, kisha yalinganishwe na ya ofisini. Hiyo ni programu nyingine ndogo ya kupokea malipo tu, na kwa maoni yangu iandikwe hivyo tangu mwanzo.

FundiWaMasese (Jinja)

Dada, mstari umenyooka. Jana jioni kitabu cha kwanza kimetoka bila ngazi, na karani amekibandika ukutani. Mwalimu, safu ya kutafutia nimeiweka, na imetuonyesha wanachama wachache walioandikishwa mara mbili, jambo ambalo meneja analishughulikia.

Limebaki moja ambalo nataka ushauri wenu. Katika kulinganisha ripoti za mwezi, faini za kuchelewa zilitoka chini kwenye programu mpya. Nilitafuta kosa langu kwa siku nne. Mwishowe nikaona kwamba Delphi na Access huhifadhi tarehe na saa katika namba moja, siku ikiwa sehemu kamili na saa ikiwa sehemu ya desimali. Siku ya mwisho ya kulipa ilihifadhiwa bila saa, yaani usiku wa manane siku inapoanza, lakini malipo yalihifadhiwa pamoja na saa yake. Mwanachama aliyelipa siku yenyewe ya mwisho, saa nne asubuhi, alikuwa amechelewa kwa mujibu wa programu, akatozwa faini ya siku moja. Mimi nilipohamia PostgreSQL niliichagua aina ya tarehe isiyo na saa, na faini hizo zikatoweka zenyewe. Kwa hiyo programu mpya ndiyo iliyo sahihi, na ya zamani imekuwa ikiwatoza watu wasiochelewa tangu ilipoanza kutumika.

MzeeWaTororo

Usiirekebishe kimya kimya, mwanangu. Mhamishaji hana mamlaka ya kubadilisha hesabu za watu, hata kwa kuziponya. Rudisha saa kwenye safu ya malipo, programu mpya itoe faini zilezile, kisha toa orodha ya kila aliyetozwa hivyo na kiasi chake, umpe meneja na mwenyekiti kwa maandishi.

FundiWaMasese (Jinja)

Nimefanya hivyo, mzee wangu. Saa imerudi, ripoti mbili zinalingana hadi shilingi ya mwisho, na orodha ina kurasa kumi na moja. Meneja ameagiza faini za namna hiyo zisitozwe kwa sasa, karani anaziondoa kwa mkono. Bodi inakaa Jumamosi.